Sabuni Mwambani: Jibu kwa Wanaodai Kiswahili Hakijui Mafuta

Katika kongamano moja la wanafunzi wa Kiswahili nililolihudhuria, alikuwapo mgeni mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye baada ya kutusikiliza kwa subira siku nzima tukiusifu upana wa lugha yetu, alisimama akatutupia changamoto. Alisema, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba yeye hana ugomvi na Kiswahili katika riwaya na ushairi; ila angependa mmoja wetu amweleze, bila kukimbilia Kiingereza, namna surfaktanti zinavyopunguza mvutano baina ya mafuta na maji ili mafuta yaliyokwama mwambani yapate kutoka. Ukumbi uliangua kicheko. Mwenzetu mmoja akajibu kwa hamasa kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza taaluma yoyote iwayo, akapigiwa makofi, na mwenyekiti wa kikao akatualika kwenye chai. Swali lenyewe halikujibiwa.

Makala haya ni jaribio la kulijibu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, wala sidai ustadi wa uhandisi. Yote nitakayoyasema kuhusu mafuta yanapatikana katika vitabu vya utangulizi vya taaluma hiyo. Hata hivyo, ninashikilia kwamba aibu yetu siku ile haikutokana na uhaba wa istilahi. Ilitokana na sisi kutojisumbua kulielewa jambo tuliloulizwa. Msimamo huo siwezi kuutetea kwa hamasa kama mwenzangu. Sharti nilieleze jambo lenyewe kwanza, kisha msomaji ahukumu.

Wengi wetu tunaposikia habari za kisima cha mafuta hudhani kwamba chini ya ardhi kuna ziwa jeusi linalongoja kufyonzwa. La hasha. Mafuta hukaa ndani ya mwamba, aghalabu jiwe la mchanga, katika vitundu vilivyo baina ya chembe moja na nyingine, mfano wa maji ndani ya sponji. Isipokuwa sponji hii ni jiwe gumu na vitundu vyake vingi havionekani kwa macho. Kisima kinapotobolewa kwa mara ya kwanza, shinikizo la ardhini huyasukuma mafuta juu. Shinikizo likipungua, wachimbaji hushindilia maji kupitia visima vingine ili maji hayo yayasukume mafuta kuelekea visima vya kutolea. Kwa njia hizo mbili pamoja hupatikana, kwa wastani, takribani theluthi moja ya mafuta yaliyomo. Theluthi mbili hubaki.

Kwa nini zibaki? Sababu ya kwanza ni kwamba maji hupita penye urahisi. Hulifuata tabaka lenye vitundu vikubwa na kuyaruka mengine. Hili tutalirudia. Sababu ya pili ndiyo kiini cha mada yetu: hata pale maji yalipopita, huacha nyuma matone ya mafuta yaliyonaswa vitunduni, na unaweza kuyapitisha maji hapo mwaka mzima matone yasibanduke.

Ili tuelewe kunasa huku, tutazame sufuria iliyopikiwa nyama na kuachwa hadi asubuhi. Ukiipitishia maji baridi, maji hutiririka juu ya mafuta na kuyaacha pale pale. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa, wala hazina haja na mafuta. Molekuli iliyo katikati ya maji huvutwa na wenzake kutoka pande zote, ikatulia. Ile iliyo ukingoni, inayotazamana na mafuta, huvutwa ndani zaidi kuliko inavyovutwa nje. Matokeo ni kwamba uso unaotenganisha maji na mafuta hujikaza na kutaka kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Ndiyo maana tone la mafuta ndani ya maji huwa la mviringo, maadamu hakuna umbo lenye uso mdogo kuliko tufe. Nguvu hiyo ya kujikaza ndiyo ninayoiita mvutano wa nyuso, na sababu ya kulichagua jina hilo nitaieleza baadaye.

Sasa litie tone hilo ndani ya kitundu cha mwamba. Kitundu kina tumbo pana na shingo nyembamba, na tone lililo tumboni ni nene kuliko shingo. Ili lipite, lazima lijinyooshe, yaani uso wake uongezeke. Na uso, kama tulivyosema, hautaki kuongezeka. Maji yanayosukuma kwa nyuma hayana nguvu za kulilazimisha. Tone linakaa. Mwamba uliojaa matone yasiyohesabika ya aina hii ndio ambao wachimbaji huuacha wakisema umekwisha, ilhali zaidi ya nusu ya mafuta yake bado imo.

Yamkini msomaji atauliza: si wasukume kwa nguvu zaidi? Hapa hesabu ndogo inahitajika. Wahandisi huupima ushindani huu kwa uwiano mmoja: nguvu ya maji yanayosukuma, inayotokana na kasi yake na mnato wake, ikigawanywa kwa mvutano wa nyuso. Katika usukumaji wa kawaida, uwiano huo huwa kama moja kwa milioni kumi hadi moja kwa milioni. Ili matone yaliyonaswa yaachiliwe kwa wingi, uwiano sharti upande mara elfu moja hivi. Maji ndani ya mwamba husafiri kwa mwendo wa takribani sentimita 30 kwa siku. Kuupandisha uwiano mara elfu kwa kutegemea kasi peke yake ni kuyataka maji yasafiri mita 300 kwa siku, na kabla hayajaufikia mwendo huo mwamba utakuwa umepasuka zamani. Kuongeza mnato wa maji husaidia, lakini si mara elfu. Kinachosalia ni kukipunguza kigawanyo. Mvutano baina ya mafuta ghafi na maji ya chumvi kwa kawaida huwa milinyutoni 20 hadi 30 kwa mita. Unapaswa kushushwa hadi 0.01, au hata 0.001. Huko ni kukaribia kuufuta kabisa.

Mwenye sufuria atasema kwamba jawabu analijua: sabuni. Hajakosea. Ila jikoni tuna msaada ambao mwambani haupo, nao ni mkono. Jikoni tunasugua, sabuni hulegeza na mkono humalizia. Kilomita moja au mbili chini ya ardhi hakuna wa kusugua, na kemikali peke yake lazima ifanye kazi yote. Kwa sababu hii sabuni yoyote tu haifai huko, na wanakemia wametumia miongo mingi kuzitafuta zinazofaa.

Sabuni na jamaa zake wote, ambao kwa pamoja huitwa surfaktanti, wana umbo moja la ajabu. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Molekuli kama hiyo haitulii ndani ya maji wala ndani ya mafuta. Mahali pake hasa ni pale yanapokutana, kichwa kikiwa huku na mkia kule. Ni mfano wa mshenga anayekaa kizingitini baina ya koo mbili zisizosemezana. Washenga wakijipanga kwa wingi ukingoni, molekuli za maji hazitazamani tena na mafuta moja kwa moja, na ule mkazo unalegea. Tone lililokuwa gumu kama mpira uliojaa upepo huwa laini, likajinyoosha, likapita shingoni, likaungana na wenzake upande wa pili na kuwa mkondo.

Kiasi cha chumvi ndicho kinachoamua mambo. Chumvi ikiwa kidogo katika maji, surfaktanti hukaa zaidi upande wa maji. Ikizidi, huhamia upande wa mafuta. Katikati ya hali hizo mbili kuna kiwango mahsusi ambapo surfaktanti haiegemei upande wowote, na hapo hutokea tabaka la tatu, lililochukua mafuta na maji pamoja, baina ya tabaka la mafuta juu na la maji chini. P. A. Winsor alizieleza hali hizi tatu katika miaka ya 1940 na 1950. Ni katika hali hiyo ya katikati ambapo mvutano hushuka hadi vile viwango vidogo mno nilivyovitaja. Mhandisi anayebuni mchanganyiko kwa ajili ya mwamba fulani huwa anatafuta chumvi hiyo hasa, kama mpishi anayeonja mchuzi, ila yeye huonja kwa chupa nyingi za maabara na kwa majuma mengi. Fauka ya hayo, wale waliokulia penye visima vya maji ya chumvi wanajua kwamba sabuni nyingi hukataa kutoa povu huko; hukatika na kuwa utando mweupe. Mwambani ni vivyo hivyo: kalsiamu na magnesiamu zilizo katika maji ya ardhini zinaweza kuiharibu surfaktanti kabla haijakutana na tone hata moja.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya mwamba, kwa kuwa kuna kisa ambacho wanafunzi wa lugha wanapaswa kukijua. Mwaka 1862 alizaliwa Agnes Pockels, Mjerumani aliyeishi katika mji wa Brunswick. Alipenda fizikia, lakini katika ujana wake vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake, naye alibaki nyumbani akiwatunza wazazi wake na kuosha vyombo. Akiwa jikoni alianza kushangaa jinsi maji yenye mafuta na sabuni yanavyobadilika usoni. Alijitengenezea chombo: karai la bati lililojazwa maji, ukanda wa bati wa kuugawanya uso wa maji, na kijisahani kidogo cha kupimia nguvu inayohitajika kukibandua kutoka usoni. Kwa chombo hicho alipima mambo ambayo wanasayansi wa vyuo vikuu walikuwa bado wanayapapasa. Januari 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia maarufu wa Uingereza. Aliiandika kwa Kijerumani, lugha yake. Mke wa Rayleigh aliitafsiri, na Machi mwaka huo huo ikachapishwa katika jarida la Nature.

Kisa hiki hutajwa aghalabu kama habari ya mwanamke aliyenyimwa haki yake, na ni kweli. Mimi ninakitazama pia kama habari ya lugha. Pockels hakungoja kamati ya istilahi. Aliandika alichokiona kwa lugha aliyokuwa akiitumia jikoni, na kwa kuwa alichokiona kilikuwa wazi kichwani mwake, kiliweza kutafsiriwa na mtu ambaye hakuwa mwanafizikia. Sisi tunafanya kinyume. Tunaanza na orodha ya maneno, tunagombana juu ya orodha, kisha tunaiweka kabatini. Sentensi zenyewe hatuziandiki.

Turudi mwambani, na safari hii twende China. Eneo la mafuta la Daqing, katika jimbo la Heilongjiang, liligunduliwa mwaka 1959. Kuanzia 1976 hadi 2002 lilitoa zaidi ya tani milioni 50 za mafuta kila mwaka bila kupungua, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo maji yaliyotoka visimani yalivyoyazidi mafuta. Wachina walijua kwamba mafuta mengi yamebaki, na kwamba ni mafuta yenye nta nyingi yaliyonaswa kwa namna niliyoieleza. Mwaka 1996 walianza kwa kiwango kikubwa kuyashindilia maji yenye polima, ambayo ni molekuli ndefu zinazoyafanya maji yawe mazito. Aliyewahi kupika bamia haihitaji kufafanuliwa ute ni nini. Maji yenye ute hayakimbilii tabaka rahisi na kuyaruka mengine; hutembea pamoja kama ukuta. Hilo lilitibu ile sababu ya kwanza niliyoiacha nyuma. Ya pili, ya matone yaliyonaswa, waliitibu kwa kuongeza vitu viwili katika ute huo: surfaktanti na alkali. Majaribio ya mchanganyiko huu wa vitu vitatu yalianza Daqing katika miaka ya 1990, na kuanzia 2014 ukatumiwa kwa mapana. Inaripotiwa kwamba huongeza takribani asilimia 20 ya mafuta yote yaliyokuwamo mwanzoni, juu ya yale yaliyokwisha kupatikana kwa maji matupu.

Alkali ya nini? Kwanza, mafuta ghafi mengi yana asidi za asili ndani yake, na asidi hizo zikikutana na alkali hugeuka sabuni, kule kule mwambani, kwa kanuni ile ile ambayo shahamu na majivu hutoa sabuni. Mafuta hujitengenezea mshenga wake mwenyewe. Mafuta ya Daqing yana asidi kidogo, kwa hiyo alkali pekee haikutosha, ila ilishirikiana na surfaktanti iliyotiwa. Pili, mwamba nao hula sabuni: molekuli nyingi hujishikiza kwenye kuta za vitundu na kupotea, na hiyo ni hasara kubwa ya fedha. Alkali huzipa kuta hizo chaji hasi ambayo huzisukumia mbali surfaktanti zenye chaji hasi, nazo zikaendelea na safari.

Wachina walianza na alkali kali, hidroksidi ya sodiamu. Ilifanya kazi, lakini iliutafuna mwamba. Silika iliyoyeyuka ilisafiri na maji na kuganda ndani ya pampu, mithili ya ukoko mweupe ndani ya birika la chai, hata pampu zikakwama. Polepole wakahamia alkali dhaifu, kaboneti ya sodiamu.

Msomaji mwenzangu, kaboneti ya sodiamu tunaijua. Ziwa lililoko Kajiado limepewa jina lake, na kampuni ya kuichimba ilianzishwa huko mwaka 1911. Ni magadi. Kwa hakika, magadi ya ziwani ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na yakichomwa kiwandani hubaki kaboneti. Lakini kitu ni kile kile ambacho mama zetu hukitia kidogo katika maharagwe ili yaive upesi. Istilahi tuliyodhani itatushinda katika kuieleza moja ya teknolojia changamano za karne hii ilikuwa katika kopo jikoni, imekaa hapo tangu zamani.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kitu kina jina la jikoni. Neno surfaktanti nimelikopa, na ninaona ni sawa kulikopa. Wapo wenzangu wanaotaka libuniwe neno la Kibantu kwa kila dhana. Mmoja alinipendekezea tuseme mshenga rasmi, na nikakataa. Mshenga ni tashbihi nzuri ya kumfungulia mtu mlango wa kuelewa, lakini mhandisi akisema mwambani mmetiwa tani kadhaa za washenga, tutakuwa tumegeuza taaluma kuwa kichekesho. Sabuni nayo ni finyu: kila sabuni ni surfaktanti, ila si kila surfaktanti ni sabuni.

Kuhusu mvutano, niliyapima majina matatu. La kwanza, mvutano wa mpakani, niliachana nalo mara moja. Atakayelisikia Turkana atadhani ninazungumzia pembetatu ya Ilemi. La pili lilinivutia sana: mkazo wa kiwambo, kutokana na kuwamba ngoma. Ni taswira ya kuvutia, ngozi iliyonyooshwa na kukazwa. Kasoro yake ni kwamba inadanganya, kwa kuwa baina ya mafuta na maji hakuna ngozi yoyote. Kuna molekuli zinazovutana tu. Nikabaki na mvutano wa nyuso. Kimiminika kinachotazamana na hewa kina mvutano wa uso. Viwili vinavyokutana uso kwa uso vina mvutano wa nyuso. Tofauti ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno mawili yasiyofanana, sisi tunaieleza kwa umoja na wingi. Akiwapo mwenye jina bora, na alilete, mradi alilete likiwa ndani ya aya na si katika orodha.

Nasema hivyo kwa sababu orodha tunazo. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, na waliozifanya kazi za aina hiyo wanastahili heshima yetu. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Neno lisilowahi kukaa katika sentensi yenye kitenzi, kiunganishi na hoja halijajaribiwa. Ninawauliza wahadhiri wetu kwa heshima: ni tasnifu ngapi za uzamili katika idara zetu zimechunguza istilahi za sayansi, na ni ngapi zimeandika ukurasa mmoja wa sayansi yenyewe? Tungeweza pia kuwatafuta waliokwisha kuifanya kazi ya mafuta wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Miongoni mwa Waomani waliorejea Omani kutoka Zanzibar baada ya 1970, wako waliofanya kazi katika sekta ya mafuta ya nchi hiyo, na katika eneo la Marmul, kusini mwa Omani, maji yenye polima yamekuwa yakishindiliwa kwa mapana tangu 2010. Walizungumzaje kazini wao kwa wao? Huo ni utafiti unaongoja mtu.

Pengine msomaji atasema kwamba haya yote ni mchezo wa wasomi. Sidhani. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar Kusini, kaunti ya Turkana. Kati ya 2018 na 2020 yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow, iliyokuwa mstari wa mbele katika uchimbaji huo, iliuza maslahi yake. Mafuta yale yana nta nyingi na huganda yasipopashwa moto. Sabuni haitibu nta, na sijasikia mtu aliyependekeza surfaktanti Turkana. Lakini mipango ya kuliendeleza eneo hilo imekuwa ikitaja maji: kuyatoa katika bwawa la Turkwel na kuyashindilia ardhini ili kuyasukuma mafuta. Katika kaunti ambayo wachungaji hutembea siku nzima wakitafuta maji, hilo ni jambo la kuelezwa kwa kituo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyasimamia mazingira. Nani atamweleza mchungaji wa Lokichar kwa nini maji yake yashuke chini ya ardhi, na kwa nini theluthi mbili ya mafuta itabaki hata baada ya maji hayo kutumika? Iwapo miaka ishirini ijayo mwekezaji atakuja na pendekezo la kuongeza kemikali katika maji hayo, nani atamsaidia mchungaji kuuliza maswali yanayostahili: ni kemikali gani, ni kiasi gani kitaliwa na mwamba na kiasi gani kitarudi juu na maji machafu, maji hayo yatamwagwa wapi, ikizingatiwa kwamba surfaktanti nyingi zinaweza kuwadhuru samaki na viumbe wengine wa majini? Ninakiri kwamba lugha yake ya kwanza ni Kiturkana, na kwamba maelezo ya Kiswahili pekee hayatamfikia kila mtu kule. Ila mfasiri atakayeigeuza ripoti ya Kiingereza kuwa Kiturkana papo hapo, mkutanoni, chini ya mti, aghalabu hupitia Kiswahili njiani. Akikikuta kitupu, atasema tu kwamba wataalamu wamesema ni salama.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito. Ni kwamba teknolojia hii yenyewe ni ghali na inategemea bei ya mafuta. Marekani ilikuwa na miradi mingi ya surfaktanti hadi bei ilipoporomoka mwaka 1986, na mingi ikafa. Kwa nini basi tuisumbukie, pengine isije kabisa? Jibu langu ni kwamba uamuzi wa kuikataa nao huhitaji kuelewa. Anayekataa asichokielewa hushawishiwa kesho na mwenye maneno mazuri zaidi.

Nakala ya makala haya nilimpelekea yule mwanafunzi wa uhandisi, ambaye sasa ameajiriwa. Aliirudisha ikiwa na masahihisho mawili kwa wino mwekundu. La kwanza, mahali nilipokuwa nimeandika kwamba sabuni huyeyusha tone, alikata na kuandika pembeni, kwa Kiswahili: "Haiyeyushi. Inaliachilia." Nimerekebisha. La pili alisema nimesahau joto: kwamba katika miamba yenye joto kali baadhi ya surfaktanti, hasa za jamii ya salfeti, huvunjika zikawa kazi bure, na ndiyo maana za jamii ya salfoneti hupendelewa huko. Aya ya joto inahitaji neno la kueleza namna maji yanavyoikata molekuli vipande viwili. Bado ninaliandika.